Ng'ombe hai wasikae foleni moja na malori ya salfa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya jambo ambalo wafugaji wa Haut-Katanga, jimbo letu hapa Kongo, wanalizungumzia sana siku hizi, yaani kununua ng'ombe wa asili nchini Zambia na katika nchi zilizo kusini yake, na kuwaleta Lubumbashi kwa barabara. Wapo wanaotuhimiza tuachane na ng'ombe wa Ulaya wenye maziwa mengi, tuchukue wale wa Afrika wenye kustahimili jua, kupe na malisho hafifu, nami nawaunga mkono kwa moyo wote. Linaloniuma ni kwamba tunatoa fedha nyingi kwa ajili ya ustahimilivu huo, kisha tunaupoteza njiani, kabla ng'ombe hajafika kwenye malisho yetu, kwa sababu ya namna tunavyonunua, na zaidi kwa sababu ya namna mpaka wa Kasumbalesa unavyowapokea wanyama walio hai.

Wasiofuga huuliza kwa nini tusinunue hapa hapa nyumbani. Jimbo letu ni pana na nyasi zake ni nyingi, lakini halikuwahi kuwa nchi ya ng'ombe kama ilivyo Ankole ya Uganda au Namwala ya Zambia. Mabonde ya Lualaba, Lufira na Luapula yana mbung'o, na mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaomkondesha ng'ombe polepole hadi anashindwa kusimama. Ndiyo maana makundi makubwa ya zamani yaliwekwa juu, kwenye nyanda za Biano na Marungu, ambako baridi haimpendezi mbung'o. Mji wenyewe ulianza kula nyama iliyotoka kusini. Reli ya kutoka Rhodesia, yaani Zambia na Zimbabwe za leo, ilifika Élisabethville, ndio Lubumbashi yetu, mwaka 1910, na katika miaka hiyo hiyo wafanyabiashara walikuwa wakiswaga ng'ombe wa Barotse kwa miguu kuwaleta kwenye migodi ya Katanga. Njia ya ng'ombe kati ya Zambia na sisi ni ya siku nyingi, na bado tunaihitaji.

Ng'ombe wanaopatikana huko hawafanani, na mnunuzi anayesema tu kwamba anataka ng'ombe wa asili bado hajasema kitu. Angoni wa Jimbo la Mashariki la Zambia, upande wa Chipata na Katete, ni zebu mwenye nundu, mapembe mafupi na mwili wa kadiri. Watonga na Waila wa Jimbo la Kusini wanafuga ng'ombe wa jamii ya sanga, yaani ng'ombe wa kale wa Afrika wenye nundu ndogo karibu na shingo, na Barotse wa Jimbo la Magharibi ni sanga pia, ila yeye ni mkubwa zaidi, ana mapembe marefu, na amezoea kuhama na mafuriko ya Zambezi. Zimbabwe kuna Tuli, sanga aliyechaguliwa na kusafishwa tangu miaka ya 1940. Boran asili yake ni kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na leo mashamba makubwa ya Zambia yanamzalisha kwa bidii. Boran ni ng'ombe mzuri, sina ubishi, lakini naona wengi wanamkimbilia kwa sababu ya jina lake. Kwa mfugaji mdogo wa barabara ya Kasenga au ya Kipushi ningemshauri Angoni kwanza: mwili wake hauhitaji malisho mengi, na mara nyingi unaweza kumnunua kwa mtu mwenye kundi dogo ambaye anamjua mama yake na bibi yake.

Hilo la kumjua mama yake lina uzito kuliko linavyoonekana. Ustahimilivu wa ng'ombe haumo katika damu peke yake. Sehemu huzaliwa nayo, kama ngozi inayovumilia jua na tumbo linaloweza kukaa na majani makavu ya mwezi wa Septemba. Sehemu nyingine huipata utotoni. Ndama anayezaliwa mahali penye kupe huumwa nao angali mdogo, mwili wake ukiwa na uwezo wa kupambana, na akipona ndigana kali, ugonjwa hatari unaoenezwa na kupe, huwa na kinga anayotembea nayo maisha yake yote. Ndugu yake wa damu moja, aliyekulia kwenye shamba lenye josho la dawa ya kupe la kila wiki, hajawahi kukutana na ugonjwa huo. Mlete huyo wa pili mahali penye kupe wenye vimelea, naye atakufa kama Friesian wa Ulaya, ingawa ana nundu na umelipia ugumu ambao yeye hakuwahi kuupata.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi, na ndio ambao hatuuzungumzii. Ng'ombe aliyepona ndigana kali mara nyingi hubaki na vimelea mwilini bila kuonyesha dalili yoyote. Anakula vizuri, ngozi inang'aa, macho ni maangavu. Kupe akimuuma leo, baadaye kupe huyo anaweza kumbebea ng'ombe wa jirani mauti. Hata chanjo ya ugonjwa huo hufanya kazi kwa njia hiyo: ndama hupewa vimelea vilivyo hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimuue. Katika Jimbo la Mashariki la Zambia vimelea vilivyotumika huitwa Katete, na katika Jimbo la Kusini huitwa Chitongo, kwa kuwa aina za mahali na mahali hazifanani. Hivyo mtu anaponunua mitamba kumi Chipata na wengine kumi Choma, Jimbo la Kusini, akawapakia lori moja na kuwafungulia zizi moja, hajaunganisha makundi mawili ya ng'ombe tu, ameunganisha pia magonjwa ya maeneo mawili ambayo hayajawahi kukutana.

Yaliyowahi kutokea yanatosha kututia hofu. Sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, ya miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini, na vita vya Waingereza na Makaburu vikamaliza wengi wa waliosalia. Wakubwa wa Rhodesia wakaagiza ng'ombe wa asili kutoka Afrika Mashariki, wakaletwa kwa meli hadi Beira. Walikuwa wazima kwa macho ya kila aliyewatazama. Mwaka 1901 na 1902 ndigana kali ikaingia pamoja nao, ikaua makundi ya wenyeji ambayo hayakuijua, ikavuka hadi Afrika Kusini, na huko walipambana nayo mpaka miaka ya 1950. Mwaka 1915 homa ya mapafu ya ng'ombe ilivuka kutoka Angola na kuingia nchi ya Barotse, magharibi mwa Zambia. Ile biashara iliyokuwa ikilisha Katanga ikafungiwa njia kwa miaka mingi. Na mwaka 1920 zebu kutoka India waliokuwa wakipelekwa Brazil walipitishwa katika bandari ya Antwerp, wakaacha sotoka nchini Ubelgiji. Msiba huo ndio uliozifanya serikali ziunde mwaka 1924, mjini Paris, shirika la kimataifa la afya ya wanyama, ambalo kanuni zake ndizo zinazotajwa leo kwenye vyeti tunavyogongewa mihuri mpakani. Katika visa hivyo vyote hakuna ng'ombe dhaifu aliyeleta balaa. Walioleta ni wale waliokuwa na nguvu za kusafiri.

Kwa hiyo nawasihi wafugaji wenzangu tuanze na upande wetu. Tusinunue sokoni kwa dalali ambaye amekusanya ng'ombe wa vijiji ishirini na hawezi kusema yupi ametoka wapi. Twende kwenye zizi la mfugaji, tena mapema asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka, kwa maana ng'ombe mgonjwa hujulikana anapoamka. Tutazame ndani ya masikio, ambako kupe wa kahawia hupenda kujificha, na chini ya mkia. Tuguse tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega. Zikiwa zimevimba, turudi nyumbani bila ununuzi. Tumsikilize anavyopumua baada ya kutembezwa, maana ng'ombe mwenye homa ya mapafu hukohoa akikimbizwa na husimama ameinamisha shingo na kutanua viwiko. Tumuulize mwenye kundi kama majike wake wamewahi kutupa mimba, na tulipie kipimo cha brusela, ugonjwa unaotupisha mimba, kabla ya kulipia ng'ombe. Jike aliyebakiza mwezi mmoja azae tumwache kwao hadi azae, hata kama mwenyewe anamuuza kwa bei nafuu, kwa sababu safari hiyo haimfai.

Gharama ya kwenda mbali kumtafuta mfugaji mwaminifu ni kubwa, nalijua hilo. Lakini ng'ombe ishirini kutoka kundi moja, wenye historia moja, wana faida kuliko thelathini kutoka kila mahali, na wengi wetu tumelijifunza hilo kwa kuzika.

Sasa nije mpakani. Kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi hazifiki kilomita mia moja, mwendo wa saa mbili kwa lori lililojaa. Safari ndefu kutoka Choma au Chipata inaweza kwenda vizuri kabisa: dereva anasafiri usiku, sakafu imemwagwa mchanga ili kwato zisiteleze, madume yametengwa, wenye mapembe marefu hawajachanganywa na wasio nayo, na lori linasimama muda mfupi baada ya kuondoka ili mchungaji aangalie nani amelala. Kisha lori hilo linafika Chililabombwe, mji wa Zambia ulio karibu na mpaka, linakuta mkia wa foleni, na kila kilichofanywa kwa uangalifu kinaanza kuharibika. Mbele yake kuna salfa ya viwanda vya tindikali, kuna chokaa ya Ndola, kuna mashine za migodi, kuna mafuta. Salfa inaweza kukaa juani siku tatu na bado ikawa salfa ile ile.

Oktoba iliyopita nilikuwa katika foleni hiyo na ng'ombe wangu. Mtamba mmoja mwekundu alilala mchana, na wenzake, kwa kukosa nafasi, wakawa wamesimama juu ya mguu wake wa nyuma. Mchungaji alipanda juu ya vyuma vya lori, akashuka katikati yao, akamkunja mkia na kumsukuma kwa bega hadi akasimama, akalala tena. Tulinunua maji kwa vijana wanaowauzia madereva kwa bidoni, tukayapitisha kwa kopo kwenye mapengo ya mbao, na ng'ombe walikuwa wakilamba mbao zilizolowa baada ya kopo kuondoka. Ofisi iliyotakiwa kusoma cheti chetu ilikuwa imefungwa kabla ya jioni, na mtumishi tuliyemkuta alitujibu kwamba ng'ombe ni mzigo kama mzigo mwingine. Mtamba alikufa usiku. Wengine wawili walifika Lubumbashi wakiwa na homa na makamasi, na mmoja wao hakupona.

Jibu la mtumishi yule silikumbuki kwa chuki, kwa sababu karatasi zote alizopewa na wakubwa wake zinasema hivyo hivyo. Lakini si kweli. Ng'ombe aliyenyimwa maji na majani hupungua uzito kwanza kwa kupoteza kilichomo tumboni, na hicho hurudi. Akiendelea hupoteza nyama, na hiyo hairudi upesi. Zaidi ya hapo, kinga ya mwili hulegea kwa uchovu na hofu. Vimelea vya ugonjwa wa kupe au vya nagana vilivyokuwa vimelala kimya katika damu yake huamka, na mapafu hushambuliwa na vijidudu ambavyo siku nyingine vingekaa puani bila madhara. Ng'ombe aliyezaliwa na uwezo wa kuvumilia anaupoteza pale pale, mbele ya geti, kisha tunasema mbegu ile haikufaa kwa Katanga. Nimesikia watu wakiwasema vibaya Angoni kwa vifo ambavyo vilitokana na foleni.

Ninachoomba kwa serikali ya jimbo, kwa forodha na kwa huduma ya karantini ya wanyama na mimea ni jambo linalowezekana. Karatasi za ng'ombe zipokewe na kukaguliwa siku kadhaa kabla ya lori kuondoka kwa muuzaji, ili mpakani kibaki kazi ya kuhesabu vichwa, kulinganisha alama za masikio na cheti, na daktari wa mifugo kuwatazama wanyama. Cheti kiandikwe kwa Kiingereza na Kifaransa tangu mwanzo. Lori lenye wanyama walio hai litolewe kwenye foleni kwa namba maalumu na kupitishwa saa yoyote linapofika, usiku likiwemo, na daktari wa zamu awepo. Mamlaka za Zambia zikubaliane nasi ili ukaguzi ufanyike mara moja, madaktari wa pande mbili wakiwa pamoja. Kule Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, kituo kimoja cha pamoja kwa nchi mbili kilizinduliwa mwaka 2009, kwa hiyo jambo hili si geni hata kwa jirani zetu.

Nasisitiza kwamba siombi mlango uachwe wazi. Wepesi wa mpakani lazima uende na ukali baada ya mpaka, kwa sababu geti si mahali pa kugundua ugonjwa. Ugonjwa wa miguu na midomo hujitokeza ndani ya wiki mbili, ndigana kali ndani ya wiki tatu au nne; mnyama aliyeambukizwa juzi atapita mbele ya daktari bora akiwa hana dalili. Siku 30 za kutengwa kwenye shamba la mnunuzi, mbali na kundi la zamani, pasipo kuchangia malisho, maji wala josho, huku daktari akija kupima joto na damu, zitakamata mengi. Homa ya mapafu ni ngumu zaidi: kanuni za kimataifa huuhesabia ugonjwa huo miezi sita ya kujificha, na karantini ya mwezi mmoja haiwezi kututhibitishia kitu. Kwa huo dawa ni kujua kundi alikotoka ng'ombe, na kutonunua kabisa katika eneo lenye ugonjwa, hata mapembe yakipendeza namna gani.

Watu wa kuifanya kazi hii tunao. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na mji una maabara ya mifugo. Wanafunzi wa miaka ya mwisho wangejifunza zaidi katika mwezi mmoja wa kufuatilia ng'ombe waliovuka mpaka kuliko katika vitabu, na mfugaji angelipa ada ya vipimo kwa furaha endapo angejua kwamba inakwenda kwenye vipimo. Matokeo yaandikwe na kuwekwa mahali pamoja. Leo ng'ombe wangu wakifa, jirani yangu hajui wamekufa kwa nini, na mwaka ujao atanunua kwenye zizi lile lile.

Wapo wanaopitisha ng'ombe porini usiku, kwa njia za Mokambo na Sakania, bila karatasi yoyote. Si wote ni wahalifu kwa moyo. Wengine walijaribu njia halali, wakapoteza wanyama foleni, wakahesabu hasara na kuchagua pori. Hata hivyo ng'ombe wa porini hajatazamwa na mtu yeyote, naye huishia kwenye malisho ambayo pia ni ya wengine. Mkituachia njia halali inayoua, tutabaki na njia ya magendo inayoeneza ugonjwa, na polisi hawawezi kulinda kila kichochoro cha mpaka mrefu kama huu. Njia halali ikiwa ya haraka na yenye maji, wengi watarudi barabarani wenyewe, kwa kuwa hakuna anayependa kuswaga mitamba gizani huku anasikiliza kila kelele.

Watu wa mji nao wana haki ya kuuliza hili linawahusu nini, na jibu liko sahanini. Familia nyingi za Lubumbashi zinakula bukari, yaani ugali, na samaki wa kugandishwa aliyetoka baharini mbali, na nyama ya ng'ombe inabaki ya sikukuu. Bei hiyo haitashuka kwa kuagiza nyama zaidi. Itashuka pale majike yatakapozaa hapa, na yatazaa hapa tukiyaleta yakiwa hai, yenye nguvu, na yasiyobeba tauni kwa majirani.

Msimu wa kununua ni huu wa baridi, kuanzia Mei hadi Agosti, kabla joto la Oktoba halijaanza na kabla mvua haijaharibu barabara za vijijini. Namba maalumu ya foleni na daktari wa zamu ya usiku vinaweza kuanza msimu huu huu, kwa kuwa havihitaji jengo. Zizi la kupumzikia, lenye kivuli, birika la maji na njia ya kushushia ng'ombe, linahitaji kiwanja nje ya eneo la foleni, upande wetu wa mpaka. Wafugaji wa barabara ya Kasenga niliozungumza nao wako tayari kuchangia mabati na saruji, na mmoja ameahidi pampu. Wanachosubiri ni kuonyeshwa kiwanja hicho, pamoja na karatasi yenye sahihi inayosema kwamba hakitageuzwa maegesho ya malori.

Wako katika kazi,
Mfugaji wa barabara ya Kasenga,
Lubumbashi